Baiskeli nyepesi ya umeme mjini Bujumbura: jinsi ya kuichagua na kuishi nayo

Kwa miaka kadhaa sasa uhaba wa mafuta umebadilisha asubuhi za Bujumbura. Magari hupanga foleni kwenye vituo vya mafuta hata kabla haijajulikana kama lori limefika, abiria husongamana wakisubiri mabasi, na watu wengi hutoka Kinama, Kamenge au Kanyosha kwa miguu kwenda kazini katikati ya mji. Chanzo kinajulikana: nchi hununua mafuta yake yote ng'ambo kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zimekuwa adimu. Katika hali hiyo, baiskeli inayosaidiwa na betri imeacha kuwa kitu cha kutazamwa tu kwenye video za Ulaya na China. Familia sasa huijadili kwa hesabu, kalamu na karatasi mkononi.

Hesabu yenyewe si ya kupuuzwa. Kwa mshahara wa mwalimu, muuguzi au karani, baiskeli ya aina hii ni ununuzi mzito, na sehemu yake ya thamani kubwa, yaani betri, haitengenezwi Burundi na ikifa haifufuliwi kwa urahisi. Aliyechagua vibaya hubaki na baiskeli nzito kuliko ile ya kawaida, isiyomsaidia kitu. Maelezo yafuatayo ni kwa mtu anayetaka kufika kazini, shuleni au sokoni kila siku, si kwa dereva wa teksi wala mchukuzi wa mizigo mikubwa.

Ni chombo gani hasa

Kifaransa huiita baiskeli yenye usaidizi wa umeme. Sisi tunaotafsiri habari kila siku tumezoea kufupisha na kusema baiskeli ya umeme, na ufupisho huo unaficha jambo la maana. Katika chombo kinachozungumziwa hapa mwendeshaji ni mtu. Mota humwongezea nguvu anapokanyaga pedali, na akiacha kukanyaga, mota nayo hunyamaza. Wazo la kuweka mota ndani ya gurudumu ni la zamani, kwani Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza yake mwaka 1895, lakini mota inayofuata miguu ya mwendeshaji ilifika madukani mwaka 1993, kampuni ya Yamaha ya Japani ilipotoa baiskeli yake ya kwanza ya namna hiyo.

Sheria za Umoja wa Ulaya zimeweka mipaka ambayo ni kipimo kizuri hata kwa mnunuzi wa Bujumbura: mota isizidi wati 250 za nguvu ya kudumu, na msaada wake ukome mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Kinachovuka hapo huhesabiwa kuwa aina ya pikipiki. Mitandaoni zinauzwa baiskeli za wati 750 au 1,000, zenye kishikio cha kusokota kama cha pikipiki, na vijana huvutiwa nazo. Ni nzito, hula betri haraka kwa sababu mota hubeba kazi yote peke yake, na mbele ya polisi wa barabarani ni vigumu kumshawishi mtu kwamba hicho unachoendesha ni baiskeli.

Nyepesi maana yake nini? Baiskeli za umeme za mjini zinazoonekana Brussels au Amsterdam kwa kawaida huwa na kilo 23 hadi 27. Zile zinazoitwa nyepesi huwa kati ya kilo 14 na 19. Tofauti ya kilo 8 haihisiki sana barabarani mota ikifanya kazi. Inahisiwa kwenye ngazi, kwenye kizingiti cha lango, kwenye mtaro uliokatwa na mvua, na zaidi ya yote siku umeme ukikosekana na betri ikawa tupu. Siku hiyo baiskeli nyepesi hubaki baiskeli. Ikumbukwe kwamba baiskeli ya chuma ya Kihindi au ya Kichina tuliyoizoea, ile yenye keria imara na breki za fimbo, hufikia kilo 20 bila mota yoyote.

Mji wa tambarare na mji wa mlima

Bujumbura ni miji miwili kwa mwendesha baiskeli. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya watu, kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Ngagara, Cibitoke na Kinindo, iko juu kidogo tu ya hapo. Barabara ya kwenda Gatumba na mpaka wa Congo ni tambarare, na ile ya Rumonge huambaa na ziwa. Lakini ukielekea mashariki, kuelekea Mutanga, Kiriri na Sororezo, ardhi huinuka ghafla, na aliyewahi kusukuma baiskeli hadi chuo kikuu huko juu hahitaji kuelezwa.

Hesabu ya betri huanzia hapo. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Muuzaji akitaja kilomita peke yake, mwombe wati-saa, kwa kuwa kilomita zake zilipimwa kwenye lami laini bila upepo. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa na mwendeshaji anayekanyaga kwa dhati, betri hutumia wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita. Tuseme 10. Anayesafiri kilomita 8 kwenda na 8 kurudi hutumia basi wati-saa 160 kwa siku.

Kwenye mlima hesabu hubadilika. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 18 na mkoba wa kilo 12, jumla kilo 100. Kuinua uzito huo mita 100 kwenda juu huhitaji wati-saa 27. Mota na saketi zake hupoteza kama robo ya nishati kuwa joto, hivyo betri ingelazimika kutoa 36 kama miguu haisaidii kitu, au 18 kama miguu imebeba nusu. Anayeishi Kiriri na kufanya kazi mjini aongeze kiasi hicho kwa kila mita 100 za mwinuko wake wa jioni. Akifanya hivyo ataona kwamba baiskeli nyepesi inamtosha, mradi akubali kutoa jasho kidogo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo ambalo kila mkaazi wa mji huu amelishuhudia kwenye barabara kuu namba moja. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama mwinuko ni takriban mita 1,400. Kwa kilo 100 hizo zinahitajika wati-saa zipatazo 500 kutoka kwenye betri, yaani zaidi ya betri nzima ya baiskeli nyepesi, kabla ya kuhesabu upepo na umbali. Wale vijana wanaoteremka na mafungu ya ndizi kisha kupanda tena wakiwa wameshikilia nyuma ya malori wanaazima nguvu ambayo hakuna mguu wala betri ndogo iwezayo kuitoa, na wengine wamelipa kwa maisha yao. Baiskeli nyepesi ya umeme haijaundwa kwa ajili ya barabara hiyo, na muuzaji asemaye kinyume asisikilizwe.

Chagua betri ya siku mbili

Ulaya mnunuzi huchagua betri inayomtosha kwa siku moja, kwa kuwa ana hakika usiku atapata umeme. Hapa nasihi tofauti. Umeme wa Regideso hukatika, na mara nyingine haurudi hadi asubuhi. Yule wa kilomita 16 kwa siku anahitaji wati-saa 160. Betri ya 250 ingemtosha leo, lakini kesho yake ingemwacha njiani. Betri ya 360 inambeba siku mbili. Hata ikizeeka na kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake, yaani wati-saa 288, bado siku ya pili atakaribia nyumbani. Betri ya wati-saa 500 au zaidi huongeza kilo na bei, na kwa matumizi ya mjini faida yake ni ndogo.

Gharama ya umeme wenyewe si tatizo. Kujaza betri ya wati-saa 360 iliyo tupu kabisa, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, hutumia chini ya nusu ya yuniti moja ya Cashpower. Kila mtu anajua yuniti yake humgharimu kiasi gani. Agawanye kwa mbili, kisha alinganishe na nauli ya siku.

Anayetegemea jua anaweza pia. Paneli ya wati 200 iliyofungwa vizuri juu ya bati, pamoja na betri ya nyumba na kibadilishaji umeme, huweza kujaza betri ya baiskeli kwa siku moja ya kiangazi na kubakiza taa za jioni. Paneli ya wati 100 peke yake itahangaika.

Kwenye baiskeli nyingi nyepesi za Ulaya betri imefichwa ndani ya fremu na haitoki bila vifaa vya fundi. Hupendeza macho. Kwa anayeishi kwenye ua wa pamoja Buyenzi au Nyakabiga, ambako baiskeli hulala uani na soketi iko chumbani, au kwa mfanyakazi wa ofisi iliyo ghorofani, hilo ni kosa la gharama. Tafuta betri inayotolewa kwa ufunguo na kubebwa mkononi kama mkoba. Pia humnyima mwizi sehemu yenye thamani zaidi.

Moto

Betri za lithiamu zilizotengenezwa vizuri na kuchajiwa kwa chaja yake ni salama. Zilizounganishwa ovyo si salama, na zikiwaka haziwaki kama karatasi: hutoa moshi wa sumu, hulipuka seli moja baada ya nyingine, na moto uliodhaniwa umezimika hurudi. Mjini New York, ambako maelfu ya wapeleka vyakula hutumia baiskeli hizi, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023 peke yake. Septemba mwaka huohuo jiji lilianza kuzuia uuzaji wa baiskeli za umeme zisizothibitishwa kwa kiwango cha UL 2849. Ulaya kipimo kinacholingana kwa betri huitwa EN 50604. Tafuta moja ya alama hizi kwenye kibandiko cha betri, na uwe na shaka na kibandiko chenye makosa ya tahajia.

Bujumbura inaujua moto. Soko kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013 na wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu asubuhi moja. Katika mitaa ambako nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, betri mbovu si hatari ya mwenye nayo peke yake.

Kosa linalotokea zaidi ni la chaja. Betri ya volti 36 ikijaa hufikia volti 42. Ile ya volti 48 hufikia 54.6. Chaja zake hufanana kwa umbo, na mara nyingi hata plagi hufanana. Ukichomeka chaja ya 48 kwenye betri ya 36, unategemea saketi moja ndogo ya ulinzi ikuokoe. Kwa hiyo soma maandishi ya chaja kabla ya kila mara ya kwanza, usiazime chaja ya jirani, na ukinunua baiskeli iliyotumika usikubali kuambiwa kwamba chaja yoyote itafaa.

Jambo la pili ni betri zilizofumwa upya. Mafundi wetu wa Buyenzi ni hodari, na wamefufua magari ambayo wenyewe waliyatupa. Lakini kufungua betri na kuweka seli zilizotolewa kwenye kompyuta chakavu ni kazi nyingine: seli zinapaswa kulingana kwa umri na uwezo, na kiungo kimoja kilicholegea hutosha kuanzisha joto. Mnunuzi aliyepewa betri ya bei rahisi iliyofungwa kwa plastiki ya bluu bila jina lolote aiache dukani.

Mahali pa kuchajia pawe sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na mtungi wa gesi, wala si kwenye mlango wa pekee wa kutokea. Ushauri wa kila mahali ni kutochaji watu wakiwa wamelala. Hapa ushauri huo hugongana na ukweli wa mtaani, kwamba umeme mara nyingi hurudi usiku. Njia iliyo bora ni kuchaji mchana kazini, ambako kuna watu macho. Asiyeweza anunue soketi yenye saa inayojizima baada ya saa nne au tano, kwani chaja ya ampea 2 hujaza betri ya ampea-saa 10 kwa muda wa saa tano hivi. Umeme ukikatika, chomoa chaja; ukirudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuchomeka tena, kwa kuwa mruko wa volti wa mwanzo ndio unaoua chaja.

Betri iliyovimba, inayonuka kitu kama rangi ya kucha, inayochemka ikiwa imetulia au inayotoa sauti ya kufoka itolewe nje mara moja kama bado inashikika. Ikiwa imeshaanza kutoa moshi, watoke watu kwanza.

Joto la hapa halizidi uwezo wa betri, ila huizeesha. Usiiache betri juani kwenye uwanja wa ofisi, wala usiichaji papo hapo baada ya kupanda mlima. Ipe nusu saa ipoe. Kujaza hadi asilimia 80 au 90 siku za kawaida na kujaza kabisa siku ya safari ndefu huongeza maisha yake. Anayesafiri kwa mwezi mzima aiache ikiwa nusu, si tupu. Betri nzuri hutarajiwa kuhimili mijazo kamili 500 au zaidi kabla ya kushuka hadi asilimia 80, na kwa anayejaza kila baada ya siku mbili hiyo ni karibu miaka mitatu.

Mota, magurudumu na breki

Mota ya baiskeli nyepesi huwa kwenye kitovu cha gurudumu, kwa kawaida la nyuma, au katikati kwenye pedali. Ya katikati hupanda mlima vizuri zaidi kwa sababu hupitia gia, lakini ni ghali, hula mnyororo, na ikiharibika hurudishwa kiwandani. Ya kitovuni ni rahisi, na fundi mwenye busara anaweza kubadilisha waya wake. Kwa mitaa ya chini ya Bujumbura ningechagua ya kitovuni, yenye gia ndogo ndani, kwa kuwa hiyo huzunguka huru betri ikiisha. Ile isiyo na gia huvuta kama breki iliyogusa rimu. Anayepanda Kiriri kwa mota ya kitovuni aweke gia nyepesi na asiache mwendo ushuke chini ya ule wa mtu anayekimbia polepole. Mota inayonguruma bila kusonga huchoma nishati kuwa joto ndani yake yenyewe.

Muulize muuzaji pia mota inajuaje kwamba unakanyaga. Baadhi zina kihisi kinachotambua tu kwamba pedali inazunguka, na mota huruka mbele ghafla, jambo la hatari kwenye msongamano. Nyingine zina kihisi kinachopima nguvu ya mguu, na msaada huja kwa kadiri unavyosukuma. Hii ya pili hugharimu zaidi na huokoa betri. Jaribu zote mbili kama inawezekana.

Kuna mtego wa magurudumu ambao huwanasa wengi. Baiskeli zetu za kawaida zina matairi yaliyoandikwa inchi 28. Baiskeli nyingi za Ulaya nazo huitwa inchi 28. Hayaingiliani. Tairi la baiskeli ya chuma lina kipenyo cha ndani cha milimita 635, la Ulaya lina 622, na tofauti ya milimita 13 hairekebishwi kwa nyundo. Namba hizo zimechorwa ubavuni mwa tairi, zisome. Anayetaka amani na watu wa pancha achukue rimu ya inchi 26 ya baiskeli za milimani, yaani 559, ambayo matairi yake hupatikana kirahisi. Tairi liwe na upana wa angalau milimita 42 kwa ajili ya mashimo na mawe ya mitaa isiyo na lami. Gurudumu la mota hubeba uzito zaidi, kwa hiyo spoki zake ziwe nene, na fundi azikaze upya baada ya wiki chache za kwanza.

Breki za diski zinazovutwa kwa waya zinatosha na zinatengenezeka hapa. Za mafuta ni nzuri zaidi mpaka siku zitakapovuja. Mteremko wa Kiriri hula vibao vya breki, basi nunua jozi mbili za ziada siku ileile unaponunua baiskeli.

Fremu yenye upenyo wa chini huwafaa akina mama na pia akina baba wanaovaa kanzu. Kifuniko kamili cha mnyororo na wavu wa gurudumu la nyuma si mapambo. Buibui au kanzu iliyonaswa kwenye mnyororo humwangusha mtu vibaya. Mkanda wa mpira badala ya mnyororo ni safi na kimya, lakini siku utakapokatika hakuna duka mjini litakalokuwa na mwingine wa urefu huo.

Ikitoka kwa ndugu wa Ulaya

Wengi wetu tuna ndugu Ubelgiji, Uholanzi au Kanada anayesema, nitakuletea moja kwenye ndege. Hawezi kuleta betri yake. Kanuni za safari za anga hukataza abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na karibu betri zote za baiskeli huzidi hapo. Baiskeli huja kwa meli kama mzigo wa hatari ulioandikishwa, hadi Dar es Salaam, kisha kwa lori au kupitia Kigoma na ziwani. Ndugu aiweke wazi kwenye hati. Kuificha ndani ya kontena la nguo ni kuhatarisha mzigo wa watu wengine.

Kwenye forodha kuna jambo ambalo mawakala wadogo hulisahau. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, baiskeli isiyo na mota iko chini ya namba 8712. Yenye mota ya umeme, hata ile ndogo ya kusaidia, huingia namba 8711.60, kwenye kundi la pikipiki. Ushuru haulingani. Ulizeni ofisi ya mapato, OBR, kabla ya mzigo kuondoka, si baada ya kufika.

Baiskeli iliyotumika ya Ulaya huweza kuwa nafuu nzuri, kwa masharti. Betri huzeeka hata isipotumika, hivyo mwaka wa kutengenezwa kwake una uzito kuliko kilomita zilizotembewa. Baadhi ya mifumo, ule wa Bosch ukiwa mfano, haikubali betri ya kampuni nyingine. Na kuna baiskeli zinazofunguliwa kwa simu tu. Kampuni ya VanMoof ya Amsterdam ilipofilisika Julai 2023, wateja wake walihangaika kuhifadhi funguo zao za kidijitali kabla seva hazijazimwa, na washindani wao wa Ubelgiji, Cowboy, ndio waliotoa programu ya kuwasaidia. Kampuni hiyo baadaye ilipata mnunuzi. Lakini baiskeli iliyoko Bujumbura isitegemee seva iliyoko Amsterdam ili iwake.

Walio karibu nasi wamepita njia nyingine. Jinja, nchini Uganda, shirika la FABIO husambaza baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, iliyoundwa kwa fremu imara na keria ya mizigo kwa ajili ya barabara za Afrika. Si nyepesi, na haikukusudiwa kuwa hivyo. Kigali, kampuni ya Ampersand iliwaondolea madereva wa pikipiki mzigo wa kumiliki betri: hubadilisha tupu kwa iliyojaa kwenye vituo vyake. Mpango wa namna hiyo hutegemea vituo vingi na umeme wa kuaminika, na kwa baiskeli ya mtu mmoja wa kwenda kazini si lazima.

Barabarani

Machi 2022 wizara ya mambo ya ndani ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katika sehemu kubwa ya katikati ya Bujumbura, na maelfu ya watu waliotegemea vyombo hivyo, wenye navyo na abiria, waliathirika. Maagizo ya aina hii hubadilika na mipaka yake husogea. Kabla ya kulipa, nenda kituo cha polisi wa usalama barabarani ukiwa na karatasi za baiskeli unayoitaka, uulize mambo mawili: inaruhusiwa kupita barabara zipi, na mota yake inaihesabu kuwa baiskeli au pikipiki. Kama kazi yako iko ndani ya eneo lililozuiwa, tafuta mahali pa kuiegesha pembeni mwa eneo hilo, penye mlinzi, kisha umalizie kwa miguu.

Madereva wa magari hawajazoea baiskeli ya kimya inayokwenda kilomita 25 kwa saa. Humwona mwendesha baiskeli, hukadiria mwendo wa zamani, kisha hukata kona mbele yake. Kengele, taa inayowaka mchana na kofia ngumu ni sehemu ya bei ya baiskeli. Kufuli ziwe mbili za aina tofauti, moja ikipita kwenye fremu na gurudumu la mota.

Mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Baiskeli hizi huhimili manyunyu na mvua ya kawaida. Kiwango cha IPX4 kinamaanisha hivyo na si zaidi. Haziogelei. Mto au ziwa likifurika, kama Gatumba ilivyopatwa mara kwa mara tangu 2020, usipite mahali ambapo maji yamefunika kitovu cha gurudumu. Ukilazimika, zima mota, toa betri uibebe, ukaushe viungio vya waya kabla ya kuiwasha tena. Matope yaoshwe kwa kitambaa na ndoo, kamwe si kwa bomba la presha la waosha magari, ambalo hupenyeza maji kwenye mota na kuondoa grisi.

Kila wiki pima upepo wa matairi na futa mnyororo, kisha upake mafuta kidogo. Kila mwezi tazama vibao vya breki, spoki na pini za betri. Pini zilizogeuka kijani husuguliwa taratibu kwa kitambaa kikavu, baiskeli ikiwa imezimwa. Betri iliyokufa isitupwe jaani wala isichomwe pamoja na takataka za ua. Ihifadhiwe nje ya nyumba, kwenye kivuli na pakavu, pini zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa mafundi umeme, hadi muuzaji atakapoichukua. Na sharti la kuichukua liandikwe kwenye risiti siku ya kununua.